Matone ya Rubani

Mama Rubani alivuka ua mikono yake ikiwa bado na povu la sabuni, akasimama mlangoni kwa fundi saa bila hata kupiga hodi.

"Shemeji, nimeitwa," akasema. "Nisaidie."

Fundi alikuwa amevua miwani, kama afanyavyo kila anapofungua saa. Mafundi wenzake wenye macho mazima hubandika kioo cha kukuzia jichoni ndipo waone gurudumu lililo dogo kuliko punje ya ufuta. Yeye alikuwa akivua vioo vyake vinene na kuinama mpaka ncha ya pua inakaribia meza, na hapo chini, karibu kabisa, hakuna kitu kilichomshinda. Tatizo lilikuwa kuanzia hapo kwenda mbele. Huko dunia yote ilikuwa uji. Hata shemeji yake, aliyesimama mlangoni tu, fundi alimtambua kwa sauti na kwa harufu ya sabuni.

"Umeitwa na nani?"

"Na daktari wa utafiti wa macho. Anasema simtii Rubani matone. Mimi! Mtoto nimemzaa mwenyewe, nimemlea peke yangu, halafu nimnyime dawa? Tena dawa yenyewe ya bure?"

Mke wa fundi alisimamisha cherehani. Yeye na Mama Rubani walikuwa wa tumbo moja, huyu mdogo na yule mkubwa, na tangu mume wa yule mkubwa afariki walikuwa wakikaa ua mmoja, vyumba vinatazamana.

"Dada, kaa kwanza," alisema. "Nani kasema humtii?"

"Mboni ndizo zimesema, si mtu. Eti siku zote mboni za Rubani zilikuwa zimefunguka, kubwa. Safari hii wameangalia wakakuta zimerudi ndogo, kama za mtu yeyote. Wanataka nije na mtu mzima wa nyumbani tuzungumze, na kama hakuna maelezo watamtoa." Akajipangusa mikono kwenye gauni. "Sasa mtu mzima wa nyumbani kwangu ni nani? Si wewe shemeji? Wewe unajua kuongea na watu wa maofisini. Mimi wakinikazia macho nasahau hata jina langu."

Skrubu ikamponyoka fundi kibanoni, ikadondoka sakafuni. Siku nyingine angepiga magoti hapo hapo na kuipapasa mpaka aipate, maana skrubu ya saa ikipotea siku imepotea. Safari hii hakuinama.

"Nitakuja," alisema.

"Mungu akuweke, shemeji yangu. Mungu akuzidishie."

Fundi akaifunika ile saa iliyokuwa wazi mezani. Mboni za Rubani zilirudi ndogo kwa sababu, na sababu yenyewe ilikuwa yeye.

* * *

Hospitali ya macho ilikuwa imetafuta watoto walioanza kushindwa kuona vitu vya mbali. Miwani humsaidia mtoto wa namna hiyo kuona ubao wa darasani, lakini haizuii jicho kuendelea kurefuka, na jicho linavyorefuka ndivyo namba ya miwani inavyopanda, mwaka hadi mwaka, mpaka mtoto amalize kukua. Watafiti walikuwa wamepata dawa ya matone ambayo huenda ikalizuia. Huenda. Ndilo neno walilolipenda kuliko yote.

Rubani, binti wa Mama Rubani, alichukuliwa. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna ndege iliyowahi kupita juu ya ua ule bila yeye kutoka mbio kuitazama. Siku hizi alikuwa akitoka mbio na kutazama kule sauti inakotokea.

Kasuku, binti wa pekee wa fundi, naye alichukuliwa. Lake lilikuwa jina la kazi. Tangu alipojua kusema alikuwa jicho la mbali la baba yake. Wakitembea njiani alikuwa akitaja kila kinachokuja: baba, mzee amebeba godoro, baba, mama mwenye nyumba kavaa nguo mpya, baba, yule uliyemwambia saa yake iko tayari anakuja, tukate kona. Watu walimcheka kwamba mtoto hafungi mdomo. Fundi hakucheka. Kwa ulimi wa mtoto yule alikuwa ameiona mitaa ambayo ameishi maisha yake yote bila kuiona.

Halafu siku moja Kasuku akasema, "Baba, mbuzi amelala pale," na walipofika palikuwa na gunia. Siku nyingine akampungia mkono mwalimu wake, kumbe si mwalimu. Fundi alielewa kabla ya daktari yeyote. Mtoto alikuwa haoni tena, alikuwa anabuni, ili baba yake asikose.

Hapo ndipo hofu ilipomshika, maana alijua mwisho wa njia ile. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuzima. Lilirefuka mno, pazia la nyuma likachanika na kubanduka, akaamka asubuhi akakuta upande mmoja wa dunia umefungwa. La kulia aliambiwa alitunze kama yai. Alichokitamani fundi hakikuwa duka kubwa wala nyumba ya ghorofa. Alitamani mwanawe amwone mtu akiwa ng'ambo ya barabara na amjue ni nani kabla hajaitwa. Ni jambo dogo, wenye macho hulifanya bila kushukuru, na yeye alilitamani mpaka kifua kikamuuma.

Siku ya maelezo wazazi walijaa ukumbini na watoto wao. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alieleza jinsi dawa zinavyochujwa, kwamba kemikali nyingi hujaribiwa na karibu zote hutupwa, na kwamba hii yao, kabla ya kufika kwa watoto, ilijaribiwa kwa vifaranga waliovishwa miwani.

"Vifaranga wa kuku?" mzazi mmoja akauliza.

"Wa kuku."

Kasuku akanyoosha mkono. "Miwani yao inashikiliwa na nini, na wao hawana masikio?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Daktari naye alicheka huku akiendelea kueleza, na fundi alicheka mpaka akavua vioo afute machozi. Alipovivaa tena alidaka maneno ya mwisho tu: chupa zote zinafanana, kuna watoto watakaotiwa matone yasiyo na dawa, na hakuna ajuaye nani kapewa nini, hata daktari mwenyewe.

Hakuna ajuaye! Nenda kawaambie hivyo wazazi. Kwenye benchi la korido la hospitali walikuwa na elimu yao, na kila safari iliongezeka. "Mwenye macho haambiwi tazama," alisema mama mmoja aliyejifanya mkuu wa benchi. "Mwenye dawa mboni zinafunguka, na jua analikimbia. Ukiona wako yuko vile vile, jua wanamtia maji."

Rubani alilikimbia jua. Alikunja uso, alitafuta vivuli, alitembea amejitwika mkoba wa shule kichwani. Mboni zake zilikuwa pana kiasi kwamba hata asiye fundi angeziona. Za Kasuku, baba yake alizikagua kila asubuhi, uso kwa uso, bila miwani, kwa lile jicho moja ambalo kwa karibu halikuwa na mpinzani mjini. Hazikubadilika hata chembe. Mwanangu anatiwa maji, akajisemea, na kila jioni mkewe alipokuwa akimtia mtoto matone, fundi alikuwa anatoka nje asione.

Matone yalitakiwa yakae kwenye baridi, na ua ule ulikuwa na friji moja, ya mke wa fundi. Boksi la Kasuku na boksi la Rubani yalikaa rafu moja. Kilichotofautisha chupa na chupa ni lebo yenye namba, basi. Kwa mtu anayebandua uso wa saa bila kuukwaruza, lebo ya karatasi ni mchezo. Mchana mmoja, wanawake wakiwa hawapo, alizibandua zote akazibadilisha, na alipomaliza hata yeye hakuona dalili.

Alikuwa na maneno ya kujituliza. Rubani ameshafaidi vya kutosha, sasa zamu ya mwenzake. Watoto wa ua mmoja hupokezana baiskeli, hupokezana hata viatu, kwa nini wasipokezane dawa? Lakini cha kupokezana huombwa, na yeye hakuomba. Haikuchukua muda Kasuku akaanza kufinya macho juani, na fundi, Mungu amsamehe, alifurahi. Zamu ya Kasuku ya kupimwa hospitali ilikuwa bado.

* * *

Siku ya wito Mama Rubani aliazima viatu vya mdogo wake. Vilimbana, akatembea navyo mpaka hospitali kama anayekanyaga vigae vya moto.

Muuguzi alitoka na faili, akatazama benchi zima. "Nyie ndio wale wasiotia dawa?" aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa korido. Mama mkuu wa benchi akamvuta mwanawe karibu, kana kwamba uzembe unaambukiza.

"Ndio sisi," alijibu Mama Rubani.

Chumbani daktari aliwapa viti. "Mama, sikukuita nikufokee," alianza.

"Najua, dokta."

"Nataka ukweli tu. Unamtia kila siku kabla hajalala?"

"Kila siku. Namlaza hivi." Mama Rubani akainua kichwa cha mtoto asiyekuwepo, akavuta kope la chini kwa kidole kilichochubuliwa na sabuni ya mashuka ya nyumba ya wageni, akadondosha tone la hewa. "Tone moja huku. Namwambia fumba, usisugue. Tone moja huku. Hata siku nikitoka kazini mgongo umekatika, namtia kwanza ndipo nakaa."

"Lakini mboni zake, mama."

"Labda zimezoea."

"Hazizoei namna hiyo." Daktari akainamia meza. "Sikiliza. Wazazi husahau, ni binadamu. Ukiniambia ulikuwa unasahau, nitaandika onyo, na mtoto atabaki. Ukiendelea kusema unamtia wakati mimi naona hatiwi, itabidi nimtoe, maana sitajua niamini kipi."

Mama Rubani alimgeukia shemeji yake. Huyo ndiye aliyeletwa kwa ajili ya kusema, na tangu waingie alikuwa hajatamka neno. Alikuwa anatazama magoti yake mwenyewe.

Njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Anyamaze tu. Shemeji akubali kosa, yeye arudi nyumbani akazirudishe lebo mahali pake, na watoto wote wawili wabaki na chupa zao. Hakuna atakayepoteza kitu ila mwanamke mmoja atakayepoteza jina lake, na jina la mfua mashuka nani analiuliza? Hata Rubani angepata dawa yake tena. Kasuku angebaki na maji, lakini angebaki. Fundi aliyapanga yote hayo haraka na vizuri, kama anayerudisha magurudumu ndani ya saa.

"Basi andika," Mama Rubani alisema polepole. "Andika nilisahau. Nilikuwa nachoka, nalala. Mimi ni mama mzembe. Ila usimtoe mwanangu."

Daktari akachukua kalamu.

"Hakusahau," fundi akasema.

"Shemeji, acha, yamekwisha," Mama Rubani alimnong'oneza, akimgusa mkono. Alidhani anatetewa.

"Hakusahau, dokta. Anamtia kila siku. Anachomtia ndicho kisicho chake." Sauti ilimtoka nyembamba, hata mwenyewe hakuijua. "Nilibadilisha lebo. Za Rubani nilimpa binti yangu, za binti yangu nikampa Rubani. Wao hawajui, mke wangu hajui."

Mkono wa Mama Rubani uliondoka juu ya wake. Hakuuvuta kwa nguvu, aliuondoa tu, kama mtu anayeuondoa kwenye sufuria aliyodhani imepoa.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" daktari aliuliza.

"Wangu alikuwa anatiwa maji."

"Nani alikuambia?"

"Mboni zake hazikufunguka. Nilikuwa nazitazama mwenyewe, kila asubuhi. Kwa karibu mimi sikosei."

"Baba, siku ya maelezo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Nilisema makundi ni matatu. Moja linapewa dawa ya zamani. Hiyo ndiyo inayofungua mboni, mtoto anachukia jua, wengi huiacha njiani kwa sababu hiyo. La pili ni matone matupu. La tatu ndiyo dawa mpya, na tunahangaika nayo kwa sababu haifungui mboni."

"Ulisema saa ngapi hayo?"

"Mlipokuwa mnacheka vifaranga."

Fundi alivua miwani, akaishika mapajani. Hakutaka kumwona mtu yeyote vizuri. "Kwa hiyo ya mwanangu ilikuwa..."

"Sijui. Huenda ilikuwa tupu, huenda ilikuwa mpya. Hata mimi sitajua mpaka utafiti ufungwe. Ninachojua ni kwamba sasa siwezi kuwabakisha. Wote wawili."

"Wangu kakosa nini?" Mama Rubani aliuliza.

"Hajakosa kitu, mama. Lakini matokeo ya macho yake nitasema yametokana na chupa ipi? Nikimbakisha, nitakuwa nawadanganya watoto wote watakaokuja kutiwa dawa hii." Daktari aliyasema kwa kuumia, na aliumia kweli, maana alishindwa kumtazama mama yule machoni. Kisha akawaomba, kwa adabu, wakarudishe chupa zilizobaki.

* * *

Walipotoka nje Mama Rubani alivua vile viatu vya kuazima, akavishika mkononi, akatangulia. Fundi alimfuata kwa rangi ya gauni lake la kijani, mpaka kijani kikaingia kwenye watu na kuyeyuka. Akabaki amesimama katikati ya njia, watu wanampita na kumgonga mabega, mwingine anamwambia mzee sogea. Hakumwita. Angemwita kwa haki gani?

Alipofika nyumbani alimkuta shemeji yake ameshatoa vitu vyake kwenye friji. Alikuwa amesimama uani na sufuria ya maziwa mkononi.

"Dada, maziwa yatachacha," mke wa fundi alikuwa anamwambia huku analia.

"Yachache." Mama Rubani hakupandisha sauti. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu mwenyewe ndiye niliyempeleka akanitetee."

Akaingia kwake akafunga mlango. Mke wa fundi alifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare alichokuwa anashona, akamgeukia mumewe.

"Ungeniambia."

"Ungenikataza."

"Ndiyo, ningekukataza! Kwani ndugu wa kuniletea mwingine unaye? Ninaye mmoja tu." Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akasimama tena. "Na kama uliamua kuiba, si ungenyamaza? Dada alishaubeba mzigo. Umeiba ukaharibu, umesema ukaharibu zaidi. Watoto wamekosa wote."

"Nilishindwa kumsikia akijiita mzembe."

"Leo ndiyo umeshindwa. Siku zote hizi unamwona anakuja kwenye friji, anachukua chupa, anakuaga, anakwenda kumtia mtoto. Zile zote uliziweza."

Fundi akafungua friji, akazitoa chupa za kurudishwa hospitali.

Maisha yakaendelea kwa namna ya ua uliogawanyika. Mama Rubani alimsalimia fundi kila asubuhi, habari za asubuhi, nzuri, kama anavyomsalimia mpokea wageni wa kazini kwake. Vitu vilivyohitaji kusemwa kati ya dada na dada vilipelekwa na watoto. Watoto wenyewe hawakugawanyika. Waliendelea kuketi kizingitini wakibadilishana miwani na kucheka jinsi dunia inavyopinda, na namba za miwani hizo ziliendelea kupanda, ya Kasuku kwanza, kisha ya Rubani.

Fundi alirudi kwenye saa zake. Watu walimletea, naye alizitengeneza, lakini moyo haukuwa pale. Alikuwa ameanza kuomba jambo ambalo pengine hakuna mzazi aliyewahi kuliomba. Aliomba mwanawe awe kweli alitiwa maji. Yakiwa maji, basi Kasuku hakupokonywa kitu, na baba yake atabaki mwizi wa kawaida, wa kuchukua cha mwenzake na kukosa. Mwizi wa namna hiyo aliweza kuishi naye. Aliyatamani maji yale kuliko alivyowahi kuitamani dawa.

* * *

Utafiti ulipofungwa waliitwa wazazi wote, hata wale ambao watoto wao walitolewa. Mama Rubani alikwenda peke yake. Fundi alikwenda na mkewe, wakakaa safu ya nyuma.

Daktari alikuwa na furaha aliyojitahidi kuizuia. Alisema dawa mpya si muujiza, haimrudishii mtu alichopoteza, lakini watoto walioitumia macho yao yalirefuka kidogo sana kuliko ya wenzao, na hawakusumbuliwa na jua. Wazazi walipiga makofi. Alisema watoto waliokamilisha utafiti, wa makundi yote, sasa watapewa dawa hiyo bure mpaka wamalize kukua. Makofi yakazidi, na mama mkuu wa benchi, ambaye siku zote aliapa mwanawe anatiwa maji, alilia kwa sauti. Kwa watu wengine, daktari alisema, itabidi kungoja, kuna majaribio mengine katika nchi nyingine, kuna vibali, kuna viwanda.

"Kungoja mpaka lini?" mtu aliuliza.

"Miaka. Sitaki kuwadanganya."

Baadaye kila mzazi aliingia chumbani kuambiwa mtoto wake alipewa nini. Mama Rubani aliingia mbele yao, akatoka amebana midomo, akapita bila kusimama. Rubani alianza na dawa ya zamani, kama benchi lilivyojua. Dawa hiyo ipo, Mama Rubani alikuwa ameambiwa, lakini huagizwa mbali, na daktari alipotaja bei yake alitazama pembeni.

Fundi aliingia na mkewe. Hakukaa.

"Niambie tu, dokta. Ilikuwa maji?"

Daktari aliifungua faili. Bila shaka alitamani kuwa na jibu jingine. "Hapana, baba. Binti yako alianza na dawa mpya."

Mkewe alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano ya cherehani, akashika ukingo wa meza.

"Nilikuwa nayo," fundi alisema. "Ilikuwa kwenye friji yangu."

"Ndiyo."

"Sasa haiwezekani hata... Mimi ndiye niliyekosa, si yeye. Nifungeni mimi. Mtoto apewe."

"Baba, ningekuwa na uwezo nisingengoja uniombe. Waliokamilisha wamehesabiwa, na dawa imeletwa ya kuwatosha wao."

"Na ikija madukani?"

"Ikija, itakuja kwa ajili ya watoto. Sijui kama yeye atakuwa bado mtoto."

* * *

Kasuku alikuwa anawangoja. Alikuwa amejifunza kuwatambua wazazi wake kwa mwendo, kwa kuwa nyuso hazikufika tena kwake, na alipowajua aliwakimbilia.

"Wamesemaje?"

Mama yake alipita moja kwa moja ndani. Fundi alikaa kwenye kizingiti, akamvuta mtoto mbele yake, akavua miwani. Kwa umbali ule alimwona wote, mpaka alama nyekundu mbili ambazo vioo vizito vilikuwa vimezichimba kando ya pua yake.

"Wamesema dawa inafanya kazi."

"Ipi?"

"Ile yako ya mwanzo."

Kasuku alifikiri. "Ile iliyokuwa haiumizi juani?"

"Ndiyo hiyo."

"Watanipa tena?"

"Hapana, mwanangu. Hawatakupa."

"Kwa nini?"

Fundi alimwambia. Alikuwa amejiapiza njia nzima kwamba atamwambia, na alimwambia yote, kwa maneno ya mtoto kuelewa: kwamba ile dawa ilikuwa yake, kwamba baba alidhani ni maji, kwamba alimpa Rubani kwa siri na kumpa yeye ya Rubani, na kwamba kwa sababu hiyo wametolewa. Hakujitetea. Alisema, "Ni mimi niliyekukosesha." Kisha akangoja alie. Alitaka alie, ampige ngumi kifuani, amwambie sikutaki. Alikuwa ameyatayarisha mabega yake kwa hilo.

Kasuku hakulia. Alikunja uso kama anayepiga hesabu ngumu ya darasani.

"Na Rubani je? Yeye watampa?"

"Hapana. Naye hawampi."

Mtoto akashusha pumzi ndefu, na uso ukamkunjuka.

"Basi tuko sawa," akasema, na akakimbia kuvuka ua kwenda kumpa mwenzake habari hizo njema.